Hasemi "nakupenda", anaweka wimbo tu: nimwelewe vipi mume wangu?

"Shikamoo mama. Nina miaka 29, ndoa yetu ina miaka mitano, tunaishi Makorora hapa Tanga na tuna mtoto mmoja. Mume wangu ni dereva wa lori la saruji. Anapanda bara siku tatu nne, anarudi, analala, anaondoka tena. Tangu Idi ipite, kila akirudi anaweka wimbo uleule wa taarabu, wa mtu anayelalamika kuwa amechoka kumtumikia asiyeshukuru. Mwenyewe hasemi kitu. Anashusha mfuko wa mapeasi ya Mombo, anakula, anaweka wimbo wake, analala. Nikaona ananipiga vijembe, nami nikaweka wimbo wa kumjibu kwenye stetasi ya WhatsApp. Yeye hata hakuuona. Aliyeuona ni wifi yangu wa Duga, akasema nimemsema yeye, na sasa hatusalimiani. Mama mkwe anasema nyimbo za siku hizi ndizo zinazovunja ndoa, za zamani zilifundisha mapenzi. Mimi nimekua na nyimbo, na nikizisikiliza naona mapenzi yale sinayo. Tangu anioe hajawahi kutamka kuwa ananipenda. Mama, mapenzi ya kwenye nyimbo yapo, au nadanganyika? Na huyu mume ananiambia nini?"

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye mapeasi. Nitayarudia. Kwanza niseme nilivyokuelewa, unisahihishe moyoni kama nimekosea. Kinachokuuma si wimbo. Unaogopa kuwa hupendwi, na wimbo umekuja kama shahidi wa hofu ambayo ilikuwapo tangu zamani. Wifi na mama mkwe wameingia baadaye, wakakuta mlango uko wazi.

Anachokuambia mume wako anakijua mwenyewe, na sitajifanya ninakijua. Ila najua namna taarabu inavyosema na namna inavyosikika, kwa sababu nimelelewa ndani yake kabla sijaanza kazi hii ya kunasihi wanandoa, na naona mengi ya yaliyokupata yametoka hapo.

Nilikuwa nikifuatana na mama yangu kwenye taarabu za harusi Ngamiani. Mwimbaji anaimba, watu wamekaa wanasikiliza, kisha kwenye beti fulani mwanamke mmoja anainuka. Ana noti mkononi. Anakwenda mbele kwa mwendo wa taratibu, anatunza, halafu wakati wa kurudi anageuza uso kidogo upande wa meza fulani. Basi. Ukumbi mzima umeelewa. Mtunzi alipoandika beti ile hakumjua yule mwanamke, na mwimbaji anawaimbia wote. Wimbo unampata mwenyewe pale mtu anapoinuka na kutunza, na unampata mlengwa pale uso unapogeuka. Akiulizwa kesho yake, "Jana ulinisema mimi?", atajibu, "Mimi nilimtunza mwimbaji tu, shoga." Hakuna wa kumshika.

Hiyo ndiyo kazi ya fumbo, na ni kazi ya maana. Mtaani, ambapo mtaonana kesho kisimani au msibani, fumbo humwezesha mtu kutoa dukuduku bila kuvunja heshima mbele ya watu. Yule aliyesemwa naye ana nafasi ya kujifanya hajasikia. Wote wawili wamebaki na nguo mwilini. Lakini lipeleke fumbo hilo chumbani, kwa watu wawili wanaolala kitanda kimoja, na faida yake inageuka. Aliyesema anaweza kukana, kwa hiyo aliyesikia hawezi kuuliza. Hawezi kuuliza, kwa hiyo anakisia. Na anayekisia peke yake usiku hukisia lile analoliogopa. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Hawakutuambia kwamba mwerevu mwenye hofu huling'amua hata pale ambapo halikufumbwa.

Sasa itazame ile stetasi yako. Uliinuka na noti yako ukaenda mbele kutunza, lakini ukumbini hapakuwa na taa. Walioko kwenye simu yako wote wamekuona umeinuka, wala hakuna aliyeona uso wako umegeukia wapi. Kila mwenye neno lake na wewe alijiona yeye. Wifi yako si mkorofi kwa hilo. Amekulia Tanga, masikio yake yamefundishwa kusikia hivyo, kama yako yalivyofundishwa. Alilofanya yeye kwa stetasi yako ndilo ulilofanya wewe kwa wimbo wa mumeo.

Mama mkwe wako nampa heshima yake, lakini hapa sikubaliani naye. Nyimbo za zamani zilikuwa na vijembe vikali kuliko hivi vya leo. Tofauti ni kwamba vilivikwa nguo nzuri. Mtu aliitwa ua lililonyauka, jahazi lililotoboka, na watu wa siku zile walijua ni nani. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, hakuimba mahaba peke yake. Aliimba kesi za mtaani Unguja, dhuluma, hata mwanamke aliyeuawa na hukumu iliyotolewa baadaye. Shaaban Robert, mtoto wa Tanga yetu hii, aliona maisha ya Siti yanastahili kuandikwa, akayaandika. Na hapa kwetu, vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipotia gitaa la umeme kwenye taarabu, nao wazee wa wakati huo walikuwa na ya kusema. Kila kizazi kinakumbuka nyimbo za ujana wake kuwa ndizo zilizokuwa safi.

Hilo la ujana lina sababu yake. Nyimbo tunazozisikia tangu kubalehe mpaka miaka ya ishirini na kitu hukaa ndani yetu kwa nguvu kuliko zinazokuja baadaye. Hushikana na mambo ya mara ya kwanza: barua ya kwanza, mtu wa kwanza kukusubiri njiani. Ndiyo maana ukisikia mlio wa kwanza wa kinanda unarudi darasani Usagara au popote ulipokuwa. Na maneno yake, kwa kuwa yamerudiwa mara mamia, ndiyo yanayokuja kwanza mdomoni ukitaka kueleza kilichomo moyoni. Kwa hiyo una miaka 29, una mtoto na mume wa barabarani, na unaipima ndoa hiyo kwa fimbo uliyoikata ukiwa na miaka kumi na sita. Fimbo si mbovu. Ilikatwa kwa kupima kitu kingine.

Nikueleze na upande wa mtunzi, maana huu watu hawaufikirii. Shairi la taarabu ni kazi ya kubana. Mara nyingi mshororo una mizani 16, yaani silabi, nane ukwapi, kile kipande cha kwanza, nane utao, kile cha pili, na vina viwili vya kushikilia mpaka mwisho wa beti. Beti zenyewe ni tatu nne, na kibwagizo. Humo hamwingii miaka mitano ya ndoa. Humo unaingia usiku mmoja: usiku wa kuonana, usiku wa kuachana, usiku wa kugundua. Mtunzi anachagua kilele kwa sababu nafasi aliyonayo inatosha kilele tu. Asiyoyachagua ndiyo unayoishi wewe. Mtoto ana homa saa tisa usiku na nyote wawili mmeamka. Kodi ya miezi sita imekaribia. Gesi imekwisha katikati ya ubwabwa. Mume amerudi ananuka dizeli, amechoka hata kuvua viatu. Sijasikia wimbo wa gesi, lakini nimekaa na wanandoa wengi, na nakuambia mahaba mengi yaliyodumu niliyoyaona yamelelewa pale jikoni na kwenye homa ya saa tisa.

Upo wimbo mmoja ambao Afrika Mashariki nzima inaujua, wa kijana anayemwita mpenzi wake malaika na kukiri kwamba angemwoa lakini mali hana. Naupenda kwa ukweli huo. Watu wanaucheza harusini wakitabasamu, nami kila nikiusikia nawaza kwamba huyu bwana anasema jambo ambalo waume wengi hawawezi kulitamka nyumbani kwao: nakutaka, na pesa imenishinda.

Kwa hiyo, je, mapenzi ya kwenye nyimbo yapo? Yapo, mwanangu, hudanganyiki. Zile hisia ni za kweli na wewe mwenyewe umewahi kuzionja. Unapokosea ni kudhani kwamba zinakaa kila siku, na kwamba zisipokuwapo basi chini yake hakuna kitu. Yapo na mafundisho mengine ya nyimbo ambayo ningekuomba uyaache kabisa. Moja ni kwamba wivu ni kipimo cha mapenzi. Wivu hupima hofu, na mtu anaweza kumwonea wivu mwenzake aliyeacha kumpenda zamani. Lingine ni kwamba anayekupenda atajua unachotaka bila kuambiwa. Hilo limeharibu nyumba nyingi kimyakimya. Yale ya sumu, kufa, kujitupa baharini kwa ajili ya mtu, sitayaongelea, unajua mwenyewe.

Sasa mapeasi.

Umeyataja kama mtu anavyotaja mvua. Lakini nifikirie mimi nisiyemjua mume wako. Mtu ametoka bara na lori, ana usingizi, ana hesabu ya tajiri, na bado anasimama Mombo, anateremka, anachagua matunda ya Lushoto kwenye sinia la muuzaji na kuyabeba mpaka Makorora. Kila safari. Je, uliwahi kumwambia unapenda mapeasi? Labda ulipokuwa na mimba? Jaribu kukumbuka, maana mara nyingi waume wa namna hii hushika neno moja ulilolisema siku moja na kulitumikia kwa miaka bila kukueleza.

Baba yangu alikuwa hivyo. Mama akipika samaki changu alimwekea baba kichwa, kwa sababu kichwa ndiyo heshima ya mwenye nyumba. Baba alikuwa akikila chote ila mashavu, ile nyama laini ya pembeni, akairudisha sahani jikoni na mashavu yako mazima. Mama aliyala amesimama. Hawakuwahi kulizungumza mbele yetu. Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza mama, akacheka, akaniambia lilianza wiki ya harusi.

Lakini sikuhadithii hayo ili uridhike na mapeasi na kunyamaza. Wapo wanasihi watakaokuambia hivyo: mume anahudumia, unataka nini tena. Mimi sisemi hivyo. Kutaka kusikia neno kwa masikio yako ni haki yako, wala si utoto uliouokota kwenye nyimbo. Mama yangu naye, aliponihadithia habari ya mashavu ya changu, mwisho wa kicheko alinyamaza kidogo, akasema, "Ila ningependa kusikia." Nimelibeba neno hilo mpaka leo. Na sisi watu wa Tanga tumebebeshwa sifa ya mahaba nchi nzima, kana kwamba kila nyumba hapa inafukizwa udi jioni na maneno matamu yanamwagika yenyewe. Sifa hiyo ni mzigo kwa mwanamke anayelala peke yake siku nne kwa wiki. Itue.

Turudi kwenye wimbo wa mumeo. Mtu aliyechoka kumtumikia asiyeshukuru: umesikia mke. Mimi, nikikumbuka kazi yake, nimesikia tajiri wa lori. Dereva anayelala chini ya gari Segera, akifika anaulizwa mafuta yamekwenda wapi. Huenda nimekosea. Huenda kweli ni wewe anayekulalamikia. Huenda pia ameupenda mdundo tu na maneno hayasikii, na wapo wanaume wa hivyo wengi. Nyimbo za mapenzi zimetumiwa kusemea mambo mengine tangu zamani, hata siasa, kwa kuwa neno "mpenzi" linaweza kukalia kiti cha yeyote. Ukiwa na majibu matatu yanayowezekana na umejibu moja bila kuuliza, umemjibu mtu wa kwenye wimbo, mumeo hujamjibu.

Basi muulize. Usimuulize usiku aliofika, wala wimbo ukiwa unacheza, kwa sababu atahisi ameshikwa. Mwache alale, ale, aoge. Asubuhi ya pili, wakati mtoto yuko nje, mwambie kwa jina unalomwita kila siku: "Baba fulani, ule wimbo unaouweka, ni beti gani inayokugusa?" Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, wanauliza na kujijibu wenyewe. Akisema "naupenda tu", pokea, usimng'ang'anize. Umefungua mlango, ataurudia mwenyewe akiwa tayari. Akisema habari za kazi, msikilize kama unavyomsikiliza shoga yako. Akisema ni wewe, itauma, najua. Usijitetee hapo hapo. Mwambie, "Nipe siku moja unayoikumbuka niliyokosa kukushukuru." Siku moja yenye tarehe na jambo lake mnaweza kuizungumza. "Wewe siku zote" haizungumziki.

Na lako useme, siku hiyo au nyingine. Anza na unachokiona: "Mapeasi nayaona. Najua unasimama kwa ajili yangu." Halafu unachokitaka: "Nami napenda kusikia kwa mdomo wako. Hata neno moja." Wanaume wengi wa pwani waliolelewa na baba wa namna ya baba yangu hawana neno hilo tayari mdomoni, na wakilisema mara ya kwanza hulisema vibaya, kwa haraka, wakitazama pembeni. Lipokee likiwa hivyo hivyo.

Ukiona kabisa huwezi kulianza mwenyewe, kuna somo yako, yule kungwi aliyekufunda, au mshenga aliyewaunganisha. Njia hii nina imani nayo na nina wasiwasi nayo. Faida yake ni kwamba mume wa kwetu humsikiliza mtu mzima mwenye kumheshimu kuliko anavyosikiliza lawama. Hasara ni kwamba likishatoka nje halirudi lilivyokuwa, na kama mumeo ni mtu wa siri ataona umemvua nguo. Ningemwendea somo baada ya kuuliza mara mbili bila kufika popote, na ningechagua asiye na ndimi mbili wala ukaribu na huyo wifi.

Na kama wimbo unakusaidia, utumie. Wapo watu, wanaume hasa, wanaoweza kuomba radhi kwa wimbo kabla hawajaweza kwa maneno yao, na hilo si haba. Ila uweke ndani ya nyumba, yupo, na umwambie: "Huu nimekuwekea wewe, beti ya pili." Ukishautaja, fumbo limekwisha na zawadi imebaki.

Sasa kuna mambo ambayo barua haitoshi, na ukiyaona usinisubiri mimi. Wimbo mmoja kila siku unaweza kuwa wimbo tu, lakini ukienda pamoja na kukosa usingizi hata siku za mapumziko, kuacha chakula, kuacha kucheza na mtoto, kusema maisha hayana maana, na hali hiyo ikapita wiki mbili, huenda ni sonona. Ni ugonjwa, na una tiba. Fuataneni kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Bombo mkaonane na daktari. Akitamka kwamba anataka kujidhuru, mpelekeni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Jingine ni kipigo na vitisho. Hukuyataja, lakini wanaosoma hapa ni wengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Mwenye kupigwa aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Na pale ambapo hakuna kipigo ila mazungumzo yamekwama kabisa, lipo baraza la usuluhishi wa ndoa. Kwa kawaida sheria hiyo hiyo inataka mgogoro upitie huko kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani. Wengi wanadhani baraza ni mlango wa talaka. Nimewaona waliotoka pale wakarudi nyumbani pamoja.

Amebaki wifi. Huyu usimwandikie ujumbe, wala usiweke stetasi nyingine ya kusafisha ile, itazaa ya tatu. Mchukue mtoto, pandeni bajaji mpaka Duga, alasiri, wakati ambao yupo nyumbani na hana wageni. Usiende mikono mitupu; kama kwenye mfuko yamebaki mapeasi, mpelekee. Mwambie, "Wifi, ule wimbo haukuwa wako. Nilikuwa na langu na kaka yako, nikalisema mahali pasipo pake." Atakuuliza lipi. Si lazima umweleze. Atakutilia chai, na mtoto atataka kushuka chini acheze na wenzake; mwache ashuke.